Binti Yangu Alipofunga Mdomo

Mimi ni mtu wa haraka, sikatai. Dukani kwangu mjini, ninapouza vikwembe, vitenge vya kujifunga, mteja akishikashika kitambaa kimoja mara tatu bila kuuliza bei, namwambia akiache kipumzike. Binti yangu naye alikuja kwa haraka: mimba ya miezi saba, kilo moja na gramu mia tatu, katikati ya baridi ya mwezi wa sita. Walinipasua, wakamtoa, wakamfunika kofia kubwa kuliko kichwa chake.

Wiki za kwanza alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani mpaka tumboni. Nilikuwa nakamua maziwa, muuguzi anayamimina kwenye mpira, na mtoto mwenyewe hajui hata kama amekula. Muda wote nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nimemfunga kwa kikwembe. Daktari alisema: siku atakapokula kwa mdomo peke yake, siku tatu mfululizo, mpira tunautoa na mnaenda nyumbani, mtaani Katuba. Basi. Baada ya hapo sikusikia kingine.

Aliyepewa kazi ya kumfundisha kula alikuwa mwanaume. Kwetu mtaalamu wa mazoezi ya mwili tunamwita kine, na makine niliowajua mimi walikuwa wa kunyoosha wazee waliovunjika nyonga. Mama mkwe wangu, mjane wa mfanyakazi wa reli na mzazi wa watoto wanane, alikuwa ameniletea bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga siku hiyo. Alimtazama yule bwana kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akaninong'oneza: "Aka! Mwanaume njo atatufundisha mambo ya maziwa?"

Tulicheka mpaka kidonda changu kikaniuma.

Kine hakujali. Alinawa mpaka viwikoni, akamkanda mtoto mashavu kwa ncha za vidole, taratibu, akazunguka midomo, halafu akaweka kidole kidogo kwenye midomo, kwa nje, akakiacha pale. "Hapana kuingiza," alisema. "Ungoje yeye afungue." Tukangoja. Mimi nilihesabu mbao zote za dari. Mwishowe mdomo ukafunguka, mtoto akanyonya ncha ya kidole mara mbili, akalala. Kine akafurahi kama mtu aliyefunga bao.

"Ni yote?" nikamuuliza.

"Ni yote ya leo, mama."

Siku zilizofuata tulianza matone ya maziwa kwa kikombe kidogo. Kikombe kinagusa mdomo wa chini, mtoto anaramba mwenyewe. Akikunja uso, akitanua vidole, akigeuza kichwa, unaacha, na kilichobaki kinapita kwenye mpira. Siku nyingine alichukua vijiko viwili, siku nyingine nusu ya kimoja. Mama mkwe akaniambia haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba baraka peke yake haijawahi kumtoa mtu hospitali. Akaniangalia.

Hapa lazima nieleze tulivyolelewa. Kwetu mtoto anayekataa uji halazwi na njaa. Mama anamlaza mapajani, anakunja kiganja kama bakuli chini ya mdomo wake, anamimina uji ndani ya kiganja, kisha mkono uliomimina unaziba pua. Mtoto akitaka pumzi lazima ameze. Analia, anameza, analia, anameza, mpaka kibuyu cha uji kiishe, kisha anapanguswa uso na kubusiwa. Mimi nililishwa hivyo. Mtoto wangu wa kwanza nilimlisha hivyo, na leo ana miguu ya mcheza mpira. Hakuna aliyeona ni ukatili. Ukatili ulikuwa kumwachia mtoto aamue.

Asubuhi moja mwanamke wa kitanda cha pili aliruhusiwa kwenda nyumbani. Wanawake wakapiga vigelegele, wao na muuguzi wakamsindikiza na mwanawe mpaka mlangoni. Binti yangu alikuwa amekunywa nusu ya maziwa yake, amelala. Nilikiangalia kikombe. Nikamwangalia yeye. Wivu ulinipanda, nasema ukweli, wivu mtupu. Mkono wangu ulijikunja wenyewe chini ya mdomo wake. Pua sikuziba, kwa sababu ya mpira, lakini kwa vidole vya mkono huohuo nilimbana mashavu ili mdomo ufunguke, nikamimina.

Alimeza mara moja. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu hakukohoa tena, na midomo yake ikawa ya rangi ya bluu.

Nilipiga kelele. Muuguzi alirudi mbio, akamgeuza, akamfyonza maziwa kooni kwa mashine, akamsugua mgongo. Sijui ilichukua muda gani. Alipolia, kile kilio chembamba, nikakaa chini sakafuni.

Kine alikuja, akauliza: "Nani alimulisha?"

Nikasema: "Alipaliwa tu."

Mama mkwe alikuwa ameingia wakati wa kelele, kapu lake bado mkononi. Aliniangalia kiganja. Kilikuwa bado na maziwa. Akaweka kapu chini, akasema: "Ni miye. Nilimulisha na mukono, vile tulikuwa tunalisha batoto betu bote."

Kila mtu aliamini papo hapo. Bibi mzee, mila za zamani, nani ataamini vinginevyo? Muuguzi alimgombeza mbele ya wodi nzima, akamwambia asikanyage tena humo ndani. Mama mkwe akaitikia "ndiyo, mama" kwa binti anayeweza kuwa mjukuu wake, akatoka kukaa kwenye benchi la nje, juani.

Mimi nikanyamaza. Saa nzima nilinyamaza! Nilijiambia kwamba nikisema watanikataza mtoto wangu. Lakini kila nilipoangalia dirishani, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa palepale. Mwishowe nikaenda kwa kine, nikamwambia ni mimi. Nilidhani atanitukana. Alivuta kiti, akaniomba nimwonyeshe nilivyofanya, hatua kwa hatua, nami nikamwonyesha kwa mkono mtupu, nikilia.

Kifua kilichoingiwa na maziwa kilipona, lakini mdomo mtoto aliufunga. Kikombe kikikaribia anageuza shingo yote. Kidole changu kikigusa shavu anakunja uso. Hofu yangu haikuwa tena siku ya kwenda nyumbani. Niliogopa kwamba mtoto wangu hatakubali kamwe chakula cha mkono wangu.

Kine aliamua hivi: mimi nimbebe tu kifuani, kikombe nisikiguse. Atakayelisha ni bibi yake. Muuguzi, aliyekwisha kuambiwa ukweli, alimwomba radhi, mama mkwe akasema yamepita, akanawa mpaka viwikoni kama alivyomwona yule bwana akifanya. Mwanamke aliyelisha watoto wanane kwa kiganja alikaa na kikombe mdomoni mwa mjukuu, dakika kumi, bila tone kuingia, akimwimbia kwa Kiluba. Siku ya tatu mtoto akaramba. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Nilimwambia mama mkwe: "Mama, munisamehe." Akasema: "Nyamaza, utamuamusha."

Siku ya nane kine akasema tujaribu ziwa. Alimweka mtoto ubavuni mwangu, pua ikitazama chuchu, akarudi nyuma hatua mbili. Binti yangu alinusa. Alifungua mdomo, akashika, akanyonya mara sita, nilihesabu, halafu akaachia. Maziwa yalimtoka pembeni ya mdomo. Mkono wangu wa kulia uliinuka kwenda kisogoni mwake, kumrudisha. Nikauona unakwenda. Nikauvuta, nikaukalia.

Mtoto alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, anapumua. Mkono ulianza kufa ganzi chini yangu. Nikasema moyoni, ukikataa ni haki yako.

Akageuza kichwa, akatafuta, akarudi mwenyewe.