Pikipiki ya Machibya Yenye Injini ya Ndege

Mimi Akelo ni mdaku, sikatai. Lakini mwaka 1994, ile miaka ya ruksa ambapo Mwanza kila kitu kilianza kuuzwa, hata asiye mdaku angesimama kwenye karakana ya Machibya pale Buzuruga. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mpole, mwenye grisi hadi kwenye nyusi. Ndege ndogo ya watafuta dhahabu ilivunjika bawa, ikauzwa kama chuma chakavu, naye akanunua injini na panga lake la mbele, lile linalozunguka puani. Injini akaijengea pikipiki.

Nilikuwa nauza dagaa jirani yake, kwa hiyo niliiona ikikua miezi saba: giaboksi ya Land Rover, tairi la nyuma la gari, starta ya lori. Kila siku nilikuwa na swali.

"Shemeji, injini itajuaje kwamba haiko tena angani?"

Machibya alicheka tu. Mkewe Teodora, mkaanga samaki, hakucheka, maana vyuma vilikuwa vimejaa mpaka mlangoni kwake. Harusi ya mdogo wake kule Sengerema ilipokaribia, alitoa hukumu mbele yangu.

"Baba Odeta, tutakwenda na hilo lidude lako. Likitufikisha, libaki. Likisukumwa hata hatua moja, linakwenda kwa Chenge."

Chenge alikuwa akiyeyusha aluminiamu na kufua sufuria. Machibya alikubali, lakini uso ulimsawijika. Nilimwonea huruma kweli.

Siku ya safari nilipanda lori na magunia yangu ya dagaa. Nikawakuta Kigongo kwenye foleni ya kivuko, wamezungukwa na watu. Machibya aliogopa kuizima injini isije ikagoma kuwaka, akaiacha iungurume kwenye jua karibu saa nzima, hata ukiisogelea uso unaungua. Ilijikokota hadi ndani ya kivuko, ikazimika yenyewe. Tulipofika Busisi, ng'ambo ya pili, starta ilizunguka, injini kimya. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na mabaharia wawili wakashika usukani ili waisukume nje.

"Msiiguse," alisema Teodora.

Nilidhani anataka kumwaibisha vizuri mumewe. Kumbe alikuwa ameinama, anaichunguza injini kama anavyochunguza mkaa wake.

"Inanguruma vizuri ikitembea, inakufa ikisimama. Kwenye ndege nani huipepea?"

Machibya alifuta grisi kwenye nyusi. "Panga la mbele. Mimi nilidhani kazi yake ni kuvuta ndege tu. Nikasema pikipiki hairuki, ya nini?"

"Liko wapi?"

"Nilimpa Chenge." Alitazama chini. "Ndiyo ile sufuria yako kubwa, Mama Odeta."

Nikangoja mvua ya matusi. Teodora alifungua kitenge chake kipya cha harusi, akanitupia pindo moja.

"Shika huko, Akelo. Jiko tunalipepea liwake, hili tulipepee lipoe."

Tukapepea. Mabaharia walilalamika, madereva walilalamika zaidi, mikono yangu ikafa ganzi, na sikuwa na hamu ya kuacha, maana nilitaka kujua mwisho wake. Baada ya muda mrefu Machibya alibonyeza starta. Injini ikakohoa, ikanguruma, nao wakapanda kilima cha Busisi, kitenge kikipepea na madoa yake ya oili.

Waliporudi, Chenge alikuwa karakanani na gunia lake. Akaniuliza mimi, shahidi, kama ilisukumwa.

"Haikusukumwa," nikasema. "Ilipepewa."

Teodora aliingia jikoni, akatoka na ile sufuria kubwa, bado inanuka samaki, akamtia Chenge mikononi.

"Yeyusha hii," alisema. "Unifulie feni."