Ami Khalfan Hapigi Kelele

Soud Mbwana alikuwa mtu wa kuangaliwa mara mbili: mrefu, kifua kipana, na sauti inayofika mahali kabla yake. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mlinzi katika jengo moja la makazi huko Jumeirah Lakes Towers, Dubai, na wapangaji wa jengo lile walimwachia funguo zao, watoto wao, na wakisafiri hata paka wao. Kwa hiyo mwaka 2014, Bi Hilwa alipomtaka aigize mtu mbaya katika mchezo wa Idi, waliomjua walicheka.

Bi Hilwa alikuwa mwalimu mstaafu, Mzanzibari aliyeolewa Dubai na kuzeekea hukohuko. Kila mwaka alitunga mchezo mmoja wa Kiswahili, ukachezwa siku ya Idi pili katika ukumbi wa shule, ili wajukuu wasije wakaisahau lugha. Safari hii mchezo ulikuwa wa mjane na binti yake, na shemeji wa mjane, Ami Khalfan, anayetaka kuwatoa katika nyumba waliyoachiwa na marehemu.

"Kwa mwili huo, mwanangu," Bi Hilwa alimwambia Soud, "huna haja ya kufundishwa."

Alikosea. Ijumaa ya kwanza ya mazoezi, Soud alitoka Muhaisnah, kwenye kambi ya wafanyakazi alikoishi, amejifungia rohoni ukali wote aliouwaza wiki nzima. Aliingia sebuleni kwa Bi Hilwa na bakora, akatoa macho, akanguruma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Wajukuu waliokuwa wamekaa kwenye zulia wakaangua kicheko. Fairuz, mdogo wao, akamrukia mgongoni ili abebwe. Rebecca, Mkenya aliyekuwa mhudumu wa mkahawa Dubai Marina na ndiye aliyeigiza mjane, akajaribu kujizuia akashindwa.

"Soud, wacha makelele, bana," alisema akijifuta machozi. "Hunishtui hata kidogo. Nikikuona hivyo najua utachoka tu, utakaa chini."

Ijumaa ya pili aliongeza sauti. Wakacheka zaidi.

Siku hiyo wenzake walipoondoka, Bi Hilwa alimzuia. Alimmiminia kahawa, akakaa mbele yake.

"Hebu niambie. Katika maisha yako, nani aliyekutisha ukatishika kweli?"

Soud alifikiri angetaja vibaka wa utotoni, au mbwa wa jirani. Lakini aliyemjia alikuwa mudiri, yaani meneja, wa ghala alilofanyia kazi mwaka wake wa kwanza Dubai. Mtu mfupi, nadhifu, anayenukia udi. Soud hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku moja Soud alikwenda kumwomba ruhusa ya kurudi nyumbani, mama yake alikuwa mgonjwa. Mudiri akamkaribisha kiti, akaagiza chai, akamuuliza mama anaitwa nani. Soud akamwambia anaitwa Mwanaisha. "Mama Mwanaisha ana mtoto mwema," mudiri alisema. "Angependa uvunje mkataba kwa ajili yake? Mimi hapa ndiye ninayekutakia kheri." Pasipoti ya Soud ilikuwa katika droo ya meza yake mudiri, na wote wawili walijua. Soud alikunywa chai, akashukuru, akarudi kubeba maboksi. Mama yake alizikwa yeye hayupo.

"Sikuweza hata kumkasirikia," Soud alisema. "Kila neno lake lilikuwa zuri. Nilitoka mle ndani nikijiona mimi ndiye mkosaji."

Bi Hilwa akaichukua bakora na kuiweka nyuma ya mlango. "Basi huyo ndiye Ami Khalfan. Hatupigi kelele tena. Anayepiga kelele ana wasiwasi hatasikilizwa. Huyu hana wasiwasi wowote."

Ijumaa iliyofuata, Soud aliingia taratibu, akavua viatu, akamwamkia mjane. Akammiminia chai katika nyumba ya mjane mwenyewe, kana kwamba mgeni ni yeye mjane. "Shemeji, umekonda," alisema. "Nyumba kubwa hii inakuchosha. Mimi sipendi kukuona hivyo." Zamu ya Rebecca ilikuwa kujibu; akarudi nyuma hatua moja.

"Weh!" alisema, akijisugua mikono. "Nywele zimenisimama. Tuanze tena, na usiniangalie hivyo."

Siku ya Idi pili ukumbi ulijaa: familia za Kizanzibari na kanzu zao mpya, Wakenya na Waganda wa kambini, wahudumu wa hoteli waliobahatika kupata ruhusa. Sehemu ya kwanza watu walikula, wakapiga soga, watoto wakakimbizana. Ami Khalfan alipoanza kusema, ilibidi wanyamaze ili wamsikie, na baada ya hapo wakabaki kimya. Mahali pa kutisha kupita pote palikuwa padogo sana. Ami Khalfan alipiga goti mbele ya binti wa mjane, aliyeigizwa na Muna, mjukuu mkubwa wa Bi Hilwa. Akamfunga kamba ya kiatu iliyolegea, polepole, akamuuliza, "Na kutoka shule unarudi na nani?"

"Usimjibu!" Mzee mmoja, Amour, alikuwa amesimama safu ya tatu, kofia mkononi. "Mtoto, usimjibu huyo!"

Hakuna aliyecheka. Soud, akiwa bado amepiga goti, alihisi ukumbi mzima umeshikwa katika kamba ile ya kiatu. Na alipenda. Hilo hakulificha nafsini mwake: alipenda sana.

Pazia lilipofungwa walishangiliwa, Mzee Amour akaja kumkumbatia kwa aibu. Lakini Soud alipomnyooshea Fairuz mikono, mtoto alijificha nyuma ya buibui la bibi yake na hakutoka mpaka yule mlinzi mkubwa alipoondoka.

Siku chache baadaye, kazini, Hesbon aliacha lango bila kuaga. Hesbon alikuwa mlinzi mgeni, na Soud ndiye msimamizi wa zamu. Ilikuja kujulikana kwamba alikwenda kumpokea dada yake uwanja wa ndege. Kawaida Soud angemfokea, wakanyamaziana kidogo, kisha wakala pamoja. Safari hii alimwita kwenye chumba cha walinzi, akamvutia kiti, akamwekea mkono begani.

"Akoth hajambo?" aliuliza kwa upole. Akoth alikuwa mke wa Hesbon. "Na mtoto? Najua wanakutegemea. Nisingependa wapate tabu."

Uso wa Hesbon ulinywea. "Bosi, nisamehe. Nitafanya zamu mbili. Nitafanya chochote, tafadhali."

Soud aliondoa mkono wake kama aliyeshika chuma cha moto. Akatoka nje, akasimama juani penye lango, akarudi. "Umekosea!" alinguruma. "Ukirudia nitaripoti! Khalas, yamekwisha, nenda kazini!" Hesbon akashusha pumzi, akaenda mbio.

Ijumaa hiyo Soud alimpigia simu mkewe Saleha, Mombasa. Saleha alikuwa ameshatumiwa video ya mchezo.

"Huyo mtu usiniletee nyumbani," Saleha alisema, nusu anacheka.

Soud akamweleza habari ya Hesbon. Saleha hakucheka tena.

"Ulimtaka radhi?"

"Nilimfokea tu, akaenda zake."

"Kufoka si kutaka radhi, Baba Rafiq. Mkionana, anza na hilo."

Kesho yake, wakisubiri basi la kampuni mbele ya kambi, Soud alimvuta Hesbon pembeni. "Siku ile chumbani, nilikukosea. Nisamehe."

Hesbon alimtazama bila kuelewa. "Kwa nini, bosi? Hukunitukana. Uliuliza tu familia."

Soud aliyapitia moyoni maneno ya siku ile. Hapakuwa na neno hata moja ambalo angeweza kulinyooshea kidole akasema, ni hili.

"Usiniite bosi," alisema mwishowe. "Dada yako alifika salama?"

Hesbon alisita, akimpima. Kisha akasema ndiyo, alifika, ila sanduku lake halijaonekana mpaka leo. Basi lilipokuja wakapanda, na mpaka wanavuka barabara kubwa alikuwa bado anasimulia habari za lile sanduku.