Kamba ya Mgomba kwenye Waya wa Koili

Enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita, nilikuwa dereva na fundi wa tajiri mmoja wa Biharamulo, mtu wa asili ya Pwani aliyeuza chumvi na nguo na kununua ngozi. Pikapu yake ilikuwa kuukuu, imeshatumika jeshini, na mimi ndiye niliyeijua. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Madereva kwetu walikuwa wachache, na mama yangu kule Bukiriro alinitaja sokoni hata kama hakuna aliyemuuliza habari zangu.

Masika yalipoanza, pikapu ikaanza kukosa moto. Si kila siku. Asubuhi inakohoa, inashtuka, inazima kabisa. Jua likiwaka inakwenda kama haijawahi kuugua. Tajiri alishikilia kuwa petroli ina maji. Nikaimwaga, nikachuja nyingine kwa kitambaa, wapi! Nikasafisha plagi, ikapona siku mbili, nikatamba kuwa nimeimaliza. Ikarudia.

"Wewe ni fundi au mganga?" tajiri akaniuliza. "Kila siku dawa mpya!"

Nilicheka, lakini sikupenda.

Ndipo jirani yetu wa Bukiriro alipofika kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Mama anaumwa tumbo siku ya tatu, limekuwa gumu kama ubao, hata maji anatapika. Ananiita nimpeleke hospitali ya misheni. Kutoka kwetu hadi hospitali ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa mgonjwa wa machela, na kwa gari saa mbili tu. Nilimwendea tajiri.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Nimeshasikia. Chukua gari, mama ni mama. Chumvi iliyomo utaishusha Ngara ukishamfikisha."

Alfajiri tulipakia baiskeli juu ya magunia, jirani akakaa karibu nami, tukaondoka. Nilipiga hesabu kwamba jioni ile ile mama atakuwa mikononi mwa mganga wa misheni.

Tulipoipita Nyakahura na kuingia pori la mbung'o, kulikuwa na ukungu na manyunyu. Pikapu ikakohoa mara tatu, ikazima. Nikafungua plagi, nikazisugua moja moja, mbung'o wananiuma shingoni. Nilipomaliza, jua lilikuwa limetoka. Jirani akazungusha hendeli ya kuwashia mara moja, injini ikaitika.

"Nilikuambia ni plagi," nikasema, ingawa hakuwa ameniuliza.

Alasiri mvua ikatupata kwenye mlima, ikazima tena. Safari hii nikaishika platini, kile kidude kinachokata umeme ili plagi zitoe cheche, nikaipiga msasa, nikapima mwanya wake kwa wembe. Mvua ikakatika, tukasubiri kidogo, ikawaka. Hatukufika mbali, mvua nyingine ikaja.

"Samahani, bwana fundi," jirani akasema taratibu. "Mimi naona hii gari yako inaogopa mvua kama mbuzi."

"Wewe unajua nini habari za magari?" nikamfokea. "Kazi yako hendeli. Zungusha!"

Akazungusha. Akazungusha tena na tena mpaka giza likaingia, tukalala tumekaa vile vile.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, haikupumzika. Injini kimya. Mzee mmoja akapita na jembe begani, akatutazama, akasema, "Haraka haraka haina baraka, wanangu." Nikamwambia ahsante, mzee. Moyoni nilimtukana matusi ya nguoni.

Ilipofika saa sita nilikuwa sina tena cha kusafisha. Nikalitoa turubai lililofunika chumvi, nikajifunika nalo mimi na injini, maji yasiingie. Ndani yake kukawa giza. "Zungusha!" nikapiga kelele. Jirani akazungusha, na mimi nikaona cheche ndogo ya buluu ikitembea juu ya kamba ya mgomba.

Kamba ile niliifunga mimi. Kiangazi kilichopita nilikwenda kumsalimu mama, na wakati wa kuondoka akanipa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alikiziba mdomo kwa majani na kuufunga shingoni kwa kamba ya mgomba, maana mtoto haondoki nyumbani mikono mitupu. Njiani waya mnene wa koili, ule unaopeleka umeme kwenye plagi, ukachomoka kwenye kishikizo chake, mpira wake umepasuka, unagonga injini. Nikafungua kamba ya kibuyu, nikaufunga waya kwenye chuma kilichokuwa karibu. Kiangazi chote haikuleta neno. Kamba kavu haina madhara. Ikilowa, inauchukua umeme wote na kuupeleka kwenye chuma, plagi hazipati kitu.

Na nilikuwa nikiiona kila nilipofungua boneti. Lakini kwetu kwa kamba ya mgomba tunafunga nyumba, tunafunga mbuzi, tunafunga kuni. Mtu wa kwetu haioni. Ingekuwa waya wa kigeni ningeushuku siku ya kwanza.

Nikaikata kwa kisu, nikaufunga waya kwa kipande cha mpira wa tairi. Mzunguko mmoja, ikawaka, na mvua inanyesha vile vile.

"Eee! Imepona!" jirani akapiga makofi. Nikafunga boneti. Nilipaswa kumwomba radhi, na sikumwomba.

Bukiriro tulifika alasiri. Mama alikuwa hai. Tulimlaza nyuma juu ya godoro la majani, mama mdogo akampakata kichwa. Kidirisha cha nyuma yangu kilikuwa hakina kioo, kwa hiyo nilimsikia.

"Gari lako linakwenda vizuri, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Lilikuwa na nini?"

"Plagi, mama."

Hospitalini mganga alimpapasa tumbo, akaniita pembeni. Utumbo ulikuwa umejisokota na sasa umeoza. "Mngemleta jana ningempasua," akasema. Mama akafariki kabla jua halijazama. Mimi nikatoka nje, nikapima oili. Ilikuwa inatosha. Nikaipima tena. Sikulia, na sikujiona kama mtu anayetaka kulia. Sikujiona kama mtu yeyote.

Baada ya mazishi nilikaa siku nne, kisha ilinibidi kurudisha gari. Mama mdogo akaniletea kibuyu, amekiziba kwa majani na kukifunga kwa kamba ya mgomba, fundo lile lile la dada yake.

"Usijilaumu kwa kuchelewa," akaniambia. "Sisi tulitaka kumbeba. Vijana walikuwa na machela mlangoni tangu jirani alipoondoka kukufuata. Alikataa. Alisema, 'Mwanangu ana gari. Mnataka anikute njiani nimebebwa kama mtu asiye na mtoto?'"

Nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikamshukuru. Jua lilikuwa linawaka. Pikapu ikaitika kwa mzunguko mmoja, na haikukosa moto hata mara moja mpaka Biharamulo.