Hakuna Aliyetoka Akiimba

Mimi ni mshonaji, mambo ya noti za muziki siyajui. Lakini nguo inayovuta naijua hata nikiwa nimefumba macho, na ule mchezo wa mdogo wangu ulikuwa unavuta pabaya: kwenye nyimbo. Na niseme mapema, lawama yangu nayo imo.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa muziki. Akaacha kazi, jamani, mtu na akili zake timamu, eti aandike mchezo wa kuimba wa jukwaani. Miaka mitatu kajifungia na kinanda. Mkewe alivumilia mpaka akachoka, akarudi kwao. Akawa ananiambia, "Dada, huu ukianguka, mimi basi tena." Nilimwambia anitolee upuuzi wake hapa, ila usingizi ulinipaa.

Hadithi yenyewe ilikuwa tamu: mjane anataka kuolewa tena, binti yake anamgomea. Waigizaji walijituma hasa. Lakini wiki mbili mfululizo watu walikuwa wakitoka wakati wa mapumziko na hawarudi. Mwenye ukumbi akaja nyuma ya jukwaa, kakunja uso. "Mwalimu, Jumapili wakitoka tena, Jumatatu mnaondoa vitu vyenu."

Jumapili mchana nilichungulia kwenye upenyo wa pazia, pini mdomoni. Mjane akizungumza, watu wanainama mbele, macho yamewatoka. Kinanda kikianza tu, wanaegemea viti, wanafungua peremende, wanachomoa simu. Nikataka kutoka niwazabe vibao mmoja mmoja!

Lakini wangefanyaje? Mjane keshasema anaogopa, halafu anasimama kuimba dakika sita kwamba anaogopa. Hadithi nayo inamngoja amalize. Na kila wimbo unapanda, unapanda, wala huoni pa kuushika. Kipande kikikupendeza, hakirudi tena ng'o. Mzee mmoja wa mstari wa pili alipiga makofi wimbo ukiwa katikati, akidhani umekwisha, maskini. Waigizaji hawakuliona hilo, kwa sababu baada ya miezi minne ya mazoezi walikuwa wakiziimba mpaka bafuni. Walidhani nyimbo zimenoga, kumbe wamezizoea tu. Mtazamaji anausikia wimbo mara moja, basi.

Mapumziko yakafika, wakatoka. Kengele ililia mara tatu. Walirudi kumi na wanne, nilihesabu, na wawili kati yao walikuwa wamesahau mwavuli.

Mchezo ulipokwisha mdogo wangu alikuja chumba cha mavazi, akakaa chini juu ya lundo la magauni.

"Dada, niimbie wimbo mmoja. Wowote ule. Wewe umezisikia kila siku."

Nikafungua kinywa. Maneno ninayo yote, neno kwa neno. Mahadhi yake sasa! Mungu wangu, hayakuja. Nikakohoa, nikajitia kutafuta maji. Yeye akalaza kichwa kwenye magauni akalia, mtu mzima, kilio cha kukata maini.

Nikafanya ninalolijua. Nikachukua gauni la mjane lililochanika pindo, nikakaa kwenye cherehani. Mguu ukikanyaga, mimi huimba puani, ni mazoea yangu, hata sijisikii.

Akainua kichwa. "Huo umeutoa wapi?"

"Upi?"

"Huo unaouimba."

Nikasimamisha mguu kuutafuta. "Sijui. Nauimba siku zote."

"Ni wangu," akasema. "Ulikuwa wa mjane, wa kwanza kabisa niliotunga. Wewe ukasema ni wa kitoto, tutachekwa. Nikautupa, nikaanza kutunga za kikubwa."

Nilikumbuka. Siku ile nilikuwa nimeshika pasi, kola ya shati mbele yangu, wala sikugeuka kumtazama. Nilisema vile kwa sababu nilimwonea fahari, nikataka watu wasomi wamheshimu. Na miaka mitatu yote nimekuwa nikiuimba mimi, peke yangu, kwenye cherehani.

"Mdogo wangu, nisamehe," nikasema.

Ukumbini, mfagiaji alikuwa anakusanya makaratasi ya peremende. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa amenisikia. Akaanza kupiga mluzi, wimbo ule ule, taratibu, bila kukosea popote. Akafika mwisho, akaurudia.

"Dada," mdogo wangu akasema, "nakuomba, kamwambie anyamaze."