Nguzo Zote kwa Mara Moja

Kosa ni langu. Miaka yote hii nimeacha watu walaumu mvua, wengine wamlaumu mzungu, na mimi nimekaa kimya.

Nilikuwa nyapara kwa shamba la Kaburu mmoja huku Kaptagat. Bustani ya maua ya memsabu ilikuwa juu ya njia, na udongo wake ulishikwa na ukuta wa nguzo za mtarakwa. Nguzo zilikuwa zimeoza chini. Bwana akasema zibadilishwe kabla wageni wafike Jumamosi, la sivyo kabuti yangu ya unyapara atavaa mtu mwingine.

Kati ya vibarua wangu alikuwa Wafula. Tulitoka Kimilili pamoja kwa miguu, na tulitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Kwetu mtu kama huyo humpigi. Hata akikutukana, unanyamaza.

Wafula alijua hiyo kazi kunishinda. Alidunga udongo na panga, maji yakatoka. Akaniambia ukuta kama huu unatoa nguzo moja, unaweka moja, ndio udongo usipate nafasi. Nikamwambia huo mwendo wa kinyonga utanifukuzisha kazi. Nikaamuru zing'olewe zote.

Zikang'olewa. Kuingia kwa huo mtaro uliobaki chini ya udongo kuchimba mashimo mapya, Wafula akakataa. Wenzake nao wakaweka majembe chini, wakaniangalia. Kiburi kikanipanda! Nilichukua kiboko nikamchapa mgongoni, nikamchapa tena na tena, mpaka shati ikapasuka na damu ikatoka. Hakulia. Hakurudisha mkono, na alikuwa na nguvu kuliko mimi.

Akasema tu, "Sawa, ndugu. Naingia. Lakini hii si kiboko ya mzungu. Ni yako."

Hakumaliza hata shimo la pili. Udongo ulikuja wote, na mawaridi na mawe, ukamfunika mpaka shingo. Nilichimba kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Alikufa nikishika kichwa chake.

Kwa mazishi, mama yake aliona vidole vyangu. Akasema, "Asante, mwanangu. Angalau alifia kwa mikono ya ndugu yake."

Walioosha maiti waliona alama za mgongoni, wakasema ni mzungu alimchapa. Nikanyamaza. Ole wangu, nilinyamaza!

Mpaka huyo mama alipofariki, kila Krismasi alinichinjia kuku. Kabla tule alikuwa anashika mkono wangu huu wa kulia, anaomba Mungu aukaushe mkono uliomchapa mtoto wake. Na mimi naitikia Amina.

Wewe uliyepewa cheo jana juu ya wenzako, mtu wako akikuambia ngoja, ngoja. Kabuti yangu ililiwa na panya kitambo. Mkono bado ninao, ndio nashikia chai, na kila asubuhi nauangalia kwanza.