Fungu la Mbwa

Baba alipokufa, mwaka mmoja baada ya mama, nyavu zake za kuwindia zilienda kwa kaka yake, kama desturi yetu ilivyotaka. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza, msichana wa miaka kumi na minne hivi, na nilikuwa nimekwisha kuacha shule ya masista ili niwalee wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume. Tulibaki na nyumba, mihogo nyuma yake, na mbwa mchanga ambaye baba alikuwa ameanza kumfundisha kuwinda.

Mbwa huyo ndiye aliyetuweka pamoja. Kijijini kwetu, kati ya Kasongo na Kabambare, nyama ya mawindo waligawiwa wenye nyavu na wenye mbwa. Wengine waliomba. Baba mkubwa alisema mbele ya ukoo: mradi fungu la mbwa linaingia nyumbani mwetu, tukae wenyewe. Likikatika, mdogo wa kiume ataenda kwa mama mdogo Kabambare, wa kike kwa shangazi Kasongo, nami nitatafutiwa mume. Sikuogopa. Mbwa alikuwa na nguvu.

Asubuhi moja, kabla hajatimiza mwaka, alitoka jikoni kichwa kimelala upande wa kushoto. Akapiga hatua tatu, akaanguka. Akainuka, akazunguka, akaanguka tena. Macho yalikuwa yakikimbia upande mmoja na kurudi, yakikimbia na kurudi. Hakuwa na jeraha, na chakula alikula chote. Nilimtoa kupe wawili sikioni, nikamtia mafuta ya mawese ya vuguvugu. Hayakusaidia kitu.

"Yaya, iko mulevi?" mdogo wangu wa kiume aliniuliza mimi, dada yake, huku akicheka.

"Nyamaza. Ukisema nje, utaenda kulala Kabambare."

Hakucheka tena siku hiyo.

Kasongo kulikuwa na watu waliojua dawa za wanyama, lakini siku hizo za ukoloni kutoka kijijini kulitaka karatasi ya ruhusa ya serikali, na karani angeuliza safari ni ya nini. Basi nilimfungia mbwa ndani. Nilimtoa alfajiri tu, nyuma ya nyumba, nikimshika ubavuni. Baba mkubwa nilimwambia amechomwa na mwiba. Niliogopa kwenda mtoni, niliogopa mgeni akibisha hodi. Sisi wote wanne tukawa kama tumefungwa katika chumba kimoja.

Baada ya wiki mbili aliacha kuanguka. Kichwa kilibaki upande, lakini akienda polepole alifuata njia. Wawindaji walipokuja kumwita, nilimtoa.

Mbwa wetu hawabweki. Huvishwa kengele ya mti shingoni, na watu waliosimama nyuma ya nyavu huisikiliza ili wajue mnyama anakimbilia wapi. Mimi nilimjaribu akitembea. Sikumjaribu akikimbia.

Walirudi mchana mikono mitupu. Baba mkubwa alikuwa amembeba mbwa kwapani.

"Mbwa yako inazunguka pahali pamoja!" alisema. "Kengele inalia kushoto, watu wote wanakimbilia kushoto. Nyama imepita kuume, hakuna mutu kwenye wavu!"

"Binti, ungetuambia tubebe ngoma," mmoja wa wawindaji akasema. "Huyu ni wa kucheza, si wa kuwinda." Wenzake wakacheka, lakini si sana. Walikuwa na njaa.

Baba mkubwa hakucheka. "Ulijua?"

"Nilijua, baba mukubwa."

"Lete muchi."

Nilijua mchi aliutaka wa nini. Wadogo zangu walikuwa mlangoni. Sikusogea.

"Fungu mulikate," nikasema. "Mbwa muniachie, na watoto muniachie. Nitalima pamba yako."

Pamba ilikuwa ya lazima, na moniteri aliyekagua mashamba alikuwa amekwisha kumwonya baba mkubwa mara mbili kwa sababu ya magugu. Mke wa baba mkubwa alikuwa ametoka kujifungua, hawezi kushika jembe. Alimweka mbwa chini, naye akazunguka mara moja, akaegemea mguu wangu.

"Mpaka kuvuna?" baba mkubwa akauliza.

"Mpaka kuvuna."

"Na mwaka ujao?"

Nilitazama njia ya Kabambare nyuma yake.

"Na mwaka ujao."

Nililima shamba lile miaka mitano. Wadogo zangu hawakuondoka nyumbani. Nyama tulipewa baba mkubwa alipokumbuka. Mbwa hakupona, wala hakuna aliyejua aliugua nini. Lakini akiegemeza bega kwenye mguu wangu aliweza kwenda sawasawa, basi tulikwenda hivyo, mstari baada ya mstari, mimi na jembe, yeye na uzito wake wote juu yangu. Mstari ukiisha, ilinibidi nimgeuze kwa mikono.