Shayiri Niliyowapandia Paa

Wallahi simzulii mtu, na asiyetaka kuniamini na aende Mudhaibi, huku Omani, akaitazame shayiri yangu nyuma ya nyumba. Ipo mpaka leo.

Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amekataa kula. Si uji, si wali, si tende. Midomo kaifumba, macho dirishani. Neno lake moja tu: "Nataka kuwaona paa." Nikasema, kama paa ndio watakaomfungua kinywa, nitawaleta. Huku wapo, ila wanajificha majabalini. Nikachukua shayiri ya kulishia mbuzi, mbegu rahisi kuliko zote dukani, nikaimwaga kijishamba nje ya ukuta, nikaifungulia maji siku ya zamu yetu ya falaji, mfereji wa maji wa kijiji. Kaka yangu akanicheka.

"Unawalimia wanyama wa porini? Dada, u mzima wewe?"

"Namlimia mama," nikamwambia.

Shayiri ikaota, ikapendeza. Paa hawakuja.

Asubuhi moja, ukungu umetanda hata mitende haionekani, niko jikoni nachemsha chai, nikasikia mlangoni: "Hodi!"

Nambie wewe, huku Omani nani anapiga hodi? Majirani zetu hutoa salamu kwa Kiarabu. Hodi ni yetu sisi wa Unguja. Ukiisikia, ujue ni jamaa. Nami nikajibu palepale, bila ya kuchungulia: "Karibu! Pita ndani!"

Looh! Mimi na mdomo wangu.

Akaingia msichana kajitanda kanga ya kizamani, macho makubwa meusi. "Shikamoo, dada." Nikaitika marahaba, naye akapita moja kwa moja chumbani kwa mama. Nikatazama sakafuni. Miguu yake ilikuwa imelowa umande, na alama ilizoacha zilikuwa za kwato. Nikataka kumzuia, miguu haikuinuka. Wala sikuogopa, niamini. Nilikuwa kama niliye ndotoni, na harufu ya majani mabichi imejaa nyumba nzima.

Mama akatoka kamshika yule msichana mkono, yeye aliyekuwa hasimami. Anacheka! "Mwanangu, leo njaa inaniuma," akaniambia, wakazama kwenye ukungu.

Miguu iliponirudia nikakimbilia shambani. Mama kalala katikati ya shayiri, keshafariki, majani kinywani. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Tukamzika siku ile ile.

Tangu hapo paa wanakuja, wawili. Mmoja mzee, anachechemea mguu wa kushoto, kama alivyochechemea mama alipokuwa bado anatembea. Kaka yangu hacheki tena. Siku hizi yeye ndiye anayefungua maji.

Basi nyie wenzangu mlioko huku, mkipigiwa hodi asubuhi ya ukungu, chungulieni kwanza ndipo mseme karibu. Ukishamkaribisha mgeni, huna tena la kumzuia. Mimi nilishakaribisha, na mama yangu ananitia hamu mpaka nyumba haikaliki. Lakini asubuhi nikisimama dirishani kwake, namwona kainamisha shingo kwenye shayiri, anatafuna taratibu, mpaka ashibe.